Mkono wa Kushoto Unafundishwa Ngoma

Jumatatu, 23 Juni 2025

Nimeonewa! Aidani, mwalimu wa kwaya, kijana niliyemwona akibatizwa, kasema ngoma kubwa ya sikukuu ya somo wa parokia Jumapili itashindaniwa. Mimi na Pankrasi! Pankrasi hajui ngoma, anajua kukaa nyuma yake. Eti Pasaka nilimaliza wimbo kabla ya kwaya. Kosa langu nini? Wao ndio walichelewa!

Katupatia zoezi la vijiti. Kulia, kushoto, kulia kulia. Kushoto, kulia, kushoto kushoto. Polepole, bila kukimbia. Mchezo wa watoto! Nimejaribu juu ya ndoo. Mkono wa kushoto umegoma.

Jumanne, 24 Juni

Akili ya ajabu imenijia! Kushoto ni mvivu kwa sababu haujawahi kutumwa. Nimefunga wa kulia kiunoni kwa kitenge cha Benigna, mke wangu. Nimepukuchua mahindi kwa kushoto. Nimepiga mswaki kwa kushoto, pua imepata dawa. Benigna kauliza kama nimeteguka. Fundi haulizwi!

Jioni nikapiga ndoo nikifuata mchi wake kinuni. Mchi unachelewa mno. Nimemwambia. Kasema basi nitwange mwenyewe.

Jumatano, 25 Juni

Kushoto unaiva! Ila jirani Swalehe alikuja na shikamoo na kikapu cha mbaazi. Nikampa mkono. Wa kushoto. Akautazama kama nyoka. Karudi kwake na mbaazi zake.

Hata haya naandika kwa kushoto. Herufi zimelewa, lakini zinafika.

Alhamisi, 26 Juni

Kaja mkwe, Kajetani wa Mshangano, baba wa mke wa mwanangu. Benigna kachinja kuku. Ugali sahani moja. Nikamega tonge kwa kushoto. Kajetani akarudisha tonge lake sahanini. Akauliza, mkwe, tumekukosea nini hata utudharau hivi? Nikamwambia hapana mkwe, ni kwa ajili ya Kanisa. Hakuelewa. Watu wa Mshangano! Kaondoka na njaa yake. Benigna hasemi na mimi.

Kuku nimemmaliza mimi. Kwa kushoto.

Jumamosi, 28 Juni

Shindano! Pankrasi kaanza. Sawasawa, sawasawa, kama bomba linalovuja. Hakuna moto kabisa.

Zamu yangu. Kushoto ukapaa! Kwaya wakaachama! Kisha ikafika kulia kulia. Mungu wangu, wa kulia umelala! Kukaa kiunoni umesahau kazi. Nikaongeza kasi niuamshe. Nikamaliza vizuri sana. Kwaya walikuwa bado ubeti wa pili.

Aidani kasema, babu, kesho pumzika. Ngoma kapewa Pankrasi. Wivu tu.

Jumapili, 29 Juni

Sikukuu. Mimi, benchi la nyuma! Pankrasi kapiga, kanisa zima likacheza. Benigna kapiga vigelegele. Mke wangu wa ndoa!

Wakati wa kupeana amani, Kajetani akavuka watu wote kuja tupatane. Moyo ukalainika. Nikanyoosha mkono haraka, kwa furaha.

Wa kushoto.

Karudi kwenye benchi lake. Benigna kafunika uso kwa khanga.

Lakini sasa nimegundua kosa! Niliufundisha mkono mmoja, mwenzake ukazembea. Krismasi Pankrasi atanitambua. Nimemwomba Benigna kile kitenge. Kanitupia.

Kesho naufunga wa kushoto.