Uzinduzi wa Ukumbi wa Kanda Kuu za Dunia

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, mheshimiwa kaimu mwenyekiti unayemkaimu mwenyekiti aliyepo, mkuu wa shule, wajumbe wa kamati ya kuandaa kamati, shemeji yangu ambaye ndiye mtaalamu wetu mwelekezi, wazazi mliosimama kwa hiari yenu, wanafunzi mlioketi vumbini kwa nidhamu, na mimi mwenyewe, mgeni rasmi, ambaye itifaki hainiruhusu kujisahau: nawasalimu. (Makofi kutoka safu ya mbele, yenye kivuli.)

Ndugu zangu, mradi huu aliuanzisha mwalimu wenu wa jiografia, aliyekuja ofisini kwangu, akasubiri kwenye benchi mpaka nikamaliza chai, kisha akanieleza kwa unyenyekevu kwamba watoto wanasoma mabara ya kuchorwa kwa chaki, na chaki inafutika, basi anaomba ramani moja tu ya ukutani. Nilimhurumia. Nikamwambia, "Mwalimu, usiwaze kidogo hivyo. Umeomba ramani, mimi nitakupa ukumbi." Na kwa kuwa ofisi yangu haipendi maneno matupu, kesho yake asubuhi tulilibomoa darasa lake ili kupata eneo la mradi. (Mwalimu anatazama chini. Makofi machache.)

Sasa, huwezi kujenga ukumbi wa dunia bila kuiona dunia. Kwa hiyo kamati jumuishi ya wadau, yaani mimi, mama watoto na shemeji, ilifunga safari ya kutafiti jiografia ya maumbile na jiografia ya watu katika kanda zote kuu, kwa mujibu wa mpango kazi, awamu ya kwanza. Jangwa tulilichunguza kwa kina kupitia dirisha la hoteli, maana nje kulikuwa na jua. Misitu ya mvua hatukuifikia, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Katika kanda ya baridi, mama watoto alichota theluji kwa mkono wake mwenyewe, ikayeyuka, na tukio hilo tumeliingiza kwenye ripoti kama mabadiliko ya tabianchi. Na kuhusu watu wa kanda hizo, makazi yao na shughuli zao za uchumi, tulimhoji mhudumu wa hoteli, akatuambia tuache funguo mapokezi. (Shemeji anaitikia kwa kichwa.)

Matokeo yanaonyesha kwamba uelewa wa jiografia umepanda kwa asilimia mia moja na nne, wangu ukiwemo. (Msichana wa kidato cha mwisho anasimama bila kuitwa, anauliza: mtihani ni wiki ijayo, ramani wataiona lini.) Swali zuri, mwanangu, keti. Au ngoja kwanza. Wewe ukimaliza shule unataka kuwa nani? (Msichana: "Rubani.") Safi sana. Rubani hahangaiki na ramani, anatazama mbele. Hebu fumba macho, uione dunia yote kwa jicho la maono. Haya, uko wapi sasa? (Msichana: "Stoo ya madawati mabovu, mheshimiwa. Ndimo tunamosomea tangu mtubomolee darasa." Wazazi wanaguna.) Katibu, andika kwamba mwanafunzi yumo katika mazingira mbadala ya kujifunzia. Mvumilivu hula mbivu, binti yangu.

Nahitimisha. Nikisema "Ukumbi mmoja", ninyi mnaitikia "Kanda zote". Ukumbi mmoja! (Shemeji peke yake: "Kanda zote.") Ahsanteni kwa mwitikio mkubwa.

Natoa shukrani za dhati kwa bodi, kwa mchoraji wa jengo atakayeteuliwa, kwa mkandarasi ambaye tutampata, na kwa namna ya pekee kwa mpishi na mlinzi wa shule, walioshika utepe huku na huku tangu asubuhi, kwa kuwa hapakuwa na nguzo wala mlango wa kuufungia. Vumilieni kidogo, msiuachie. Mkasi uko wapi? Haya, nimekata. Karibuni ndani.