Shemeji wa Twiga

Redio ya kinyozi iliposema kwamba mkataba wa Twiga unaisha na bado hajatia saini mpya, mashine ya kunyolea ilisimama katikati ya kichwa cha mteja. Twiga alikuwa nyota wa mpira wa kikapu, na mji mzima ulimpenda kama mtoto wake wa kumzaa.

"Anaondoka huyo," alisema kinyozi.

"Haondoki," alijibu mteja, nusu mwenye nywele, nusu hana. "Na wewe maliza kichwa changu."

Kwenye benchi la kusubiria aliketi Profesa, ambaye hakuwa akisubiri chochote. Jina hilo alipewa kwa ajili ya miwani yake ya vioo vya kawaida tu, na kwa sababu alikuwa na jibu la kila swali isipokuwa "siku hizi unafanya kazi gani?" Alivuta pumzi ndefu, ile aliyoifanyia mazoezi nyumbani.

"Jamani, mwacheni shemeji yangu apumue."

"Shemeji yako nani?"

"Nimeshasema mno."

Hakusema mno. Alisema kidogo kidogo, kila mtu na kipande chake: kwamba Twiga anamchumbia binamu yake, binti wa mjomba wake, na kwamba jana tu walikula pamoja. Na je, anabaki? Profesa alifumba macho, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ndiyo, anabaki, ila msinitie matatani. Kufikia mchana alikuwa amenyolewa bure, amelishwa bure, na mwenye duka la misumari alikuwa amemwita "mzee."

Mtu mwingine angetosheka. Profesa alipata wazo, na nia yake ilikuwa safi kadiri nia chafu inavyoweza kuwa. Mama Jezi, mjane mwenye duka la nguo za michezo, alikuwa na magunia ya jezi za Twiga. Angemwambia kwamba Twiga anaondoka, azichukue kwa bei ya matambara. Kisha angewauzia kina kinyozi, walioamini kwamba anabaki, kwa bei ya harusi. Ukweli wenyewe hakuujua, wala hakuona haja ya kuuhusisha.

Mtaji ulikuwa nje, umeegemea ukuta: pikipiki ya shemeji yake wa kweli, mume wa dada yake. Shemeji huyo alikuwa akiitumia kubeba abiria, mpaka alipoteleza bafuni akavunjika mguu. Dada mtu alimkabidhi Profesa ufunguo kwa mikono miwili. "Kaka, wanangu wanakula kwa pikipiki hii. Usinitie aibu." Profesa aliapa. Kuapa ndiko alikokuweza.

"Shikamoo, mama," alisema dukani.

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kama mwanao. Twiga anaondoka."

Mama Jezi aliacha kukunja soksi. "Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Anamuoa binamu yangu."

Mama akajishika shavu. "Binamu yako! Hongereni. Anaitwa nani vile?"

"Familia yetu haipendi kujitangaza, mama."

"Naona. Sasa jezi zangu hizi nitazipeleka wapi, mwanangu?"

"Nitakusaidia. Nina watu wa mbali, habari haziwafikii."

Mama Jezi alichungulia nje. "Pikipiki ile ni yako?"

Hapo Profesa alisita. Hata yeye alikuwa na dhamiri, ingawa ilikuwa ya kuamka mchana. Akaomba dakika ya kufikiri, akatoka barazani, na hapo akakutana na fundi viatu, anahema.

"Umesikia? Twiga anabaki! Nimeipata kwa mtu wa ndani kabisa."

"Wa ndani kiasi gani?"

"Wanakula sahani moja! Tena mtu aliyesoma, anavaa miwani. Kinyozi kamwona kwa macho yake."

Profesa alivua miwani akaifuta. Mtu aliyesoma! Mtu wa sahani moja! Kama bwana wa namna hiyo amesema, nani tena wa kutia shaka? Alirudi ndani mbio, akaweka ufunguo mezani, akabeba magunia.

Alifika kwa kinyozi jasho linamtoka, akafungua gunia la kwanza kwa madaha. "Wapenzi wa Twiga, kwa kuwa ni nyinyi..."

Kinyozi aliinua mkono. Redio ilikuwa inazungumza. Twiga amesaini na timu ya ng'ambo, anasafiri na mchumba wake, anawashukuru mashabiki wote.

Kinyozi akazima redio. Kisha mwenye duka la misumari akauliza kwa upole wa kuumiza, "Mzee, shemeji yako kaondoka bila hata kukuaga?"

Vicheko vilimsindikiza mpaka barabarani. Njiani kuelekea kwa dada yake, magunia mabegani, Profesa alitunga. Alipofika mlangoni machozi yalikuwa tayari, na shati alikuwa amelichana mwenyewe.

"Dada! Shemeji! Nimevamiwa! Majambazi, wanaume wenye miraba minne! Nimepigana nao, pikipiki wameichukua!"

Shemeji, mguu wake wa plasta juu ya kiti, alimtazama yeye na magunia yake. Dada akauliza, "Mwanamke hakuwemo kati yao?"

"Alikuwemo! Ndiye kiongozi wao! Jitu lenye sura ya kutisha, dada, ungezimia!"

Dada akavuta pazia la chumba cha pili. Mama Jezi alikuwa ameketi, kikombe cha chai mkononi. Kando yake alisimama msichana mrembo, na nyuma yao, imeegemezwa ukutani, pikipiki.

"Msalimie binamu yako," alisema Mama Jezi. "Ndiye aliyeiendesha mpaka hapa. Twiga ni mkwe wangu mimi."

Profesa aliteremsha magunia sakafuni.

"Siri ya mkwe sikuweza kuitoa," aliendelea mama, "na jezi ya mtu anayeondoka sikuweza kumuuzia jirani mwaminifu. Nilikwama nazo. Halafu ukaingia wewe. Pikipiki hii imenibeba miaka yote, mwenyewe namjua, nimeirudisha. Jezi ni zako, na utazilipa kwa kufagia duka langu na kuita wateja mlangoni. Sauti unayo."

"Na majambazi, kaka?" aliuliza dada, mikono kiunoni. "Majambazi wamekuwaje?"

Profesa alitazama pikipiki, akamtazama mama, akajifuta machozi.

"Dada," alisema, "nadhani wametubu."

Shemeji ndiye aliyeanza kucheka, akicheka na kulia, ameushika mguu wake kwa mikono yote miwili na kuwaomba wengine, tafadhali, wamtoe mtu huyu chumbani kabla mfupa haujavunjika upya.