Ndege wa Kumlaza Mtoto

Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu kaja. Kanitazama mimi, kamtazama mtoto, katoa hukumu: mtoto wa miezi minane asiyelala ni kosa la mama yake. Wanawe yeye walilala fofofo tangu wiki ya pili! Amenipa hadi Jumapili. Mtoto asipojifunza kulala, yeye wifi anahamia kwetu anifundishe mwenyewe. Kuhamia! Kwetu! Vyumba viwili! Mume wangu, kaka yake wa damu, alikuwa anachunguza kucha zake.

Jumatano, 5 Machi

Nina mpango. Jirani yetu fundi cherehani anasema kwenye hifadhi ya kinamasi kelele ni marufuku. Wageni wananong'ona tu. Nitampeleka mwanangu akajifunze kimya. Na mimi nisinzie kidogo. Kidogo tu. Sijalala tangu jino la kwanza.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu!

Mtoto kalia kuanzia getini. Bata wote wakaruka, hakubaki hata mmoja wa kutazama. Mlinzi wa hifadhi, baba wa makamo, mpole, akamwonyesha mmea unaokula inzi ili anyamaze. Kaongeza sauti.

Tukafuata njia ya mbao. Pembeni nikaona majani laini, ya kijani, yamevimba kama godoro jipya. Sikufikiri. Nikamkabidhi mlinzi mtoto, nikashuka, nikajilaza.

Godoro likanimeza! Hadi kiunoni! Tope jeusi, baridi kama barafu. Mlinzi akanivuta kwa mkono mmoja, mtoto kwenye mkono wa pili, huku akinigombeza kwa kunong'ona: "Mama wee! Udongo huo umejijenga miaka elfu tano, unaulalia?" Nikaomba radhi, nami kwa kunong'ona. Kiatu changu cha kushoto kimebaki huko.

Mara kitu kikanguruma matetini. Nikajua fahali, tumekwisha. Kumbe ndege! Mkubwa kama kuku tu! Nikageuka kumtuliza mtoto. Kalala. Begani kwa mlinzi, mdomo wazi. Jamani, nililia mimi.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya tatu mume wangu ananguruma ndani ya ndoo kama yule ndege, mtoto alale. Mwanzo alikataa. Nikamwambia achague: ndoo au dada yake. Akachukua ndoo.

Mtoto analala! Mchana huu hata mimi nikapitiwa, ndiyo maana sikusikia hodi. Wifi kaingia, kamkuta kaka yake kichwa kimo ndooni, analia kama ng'ombe. Kamuuliza hali hii ilianza lini. Kesho analeta begi. Kasema sasa wagonjwa ni wawili.

Jumatatu, 10 Machi

Kahamia. Kala mchana, kajinyoosha kwenye kochi, kaanza kukoroma.

Sikuamini masikio yangu. Ndege yuleyule! Mtoto kakata kilio katikati, kalegea, kalala. Mume wangu kaiweka ndoo chini polepole, kama mtu aliyeachiliwa huru. Nimelala saa tatu! Mfululizo!

Wifi alipoamka akamwona mtoto, akajipongeza: siku moja tu, kashamfundisha. Hapa hana kazi tena, Ijumaa anarudi kwake.

Nimeganda. Ijumaa!

Begi lake nimelificha chini ya kitanda cha mtoto. Akiligundua, sina la kufanya: viatu vyake vyote vinaenda kinamasini kukifuata changu.