Mabomu ya Mrusi kwenye Ndege ya Adan

Kirimi na Yusuf, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya sheikh, wazee na majirani wote. Naandika haraka wakati wali wa hitma bado uko tumboni. Nikingoja kesho mtaletewa habari na madereva wa malori, na dereva wa Isiolo hasimulii kitu bila kukitia chumvi.

Leo kaka yangu Adan ametimiza mwaka mmoja tangu afariki. Mnamkumbuka, yule aliyekuja kutuona chuoni na buti zinazong'aa. Kazi yake jeshini ilikuwa kufunga mabomu na makombora kwenye ndege za kivita. Kufunga tu. (Mimi ndiye niliyewaambia kwamba ni rubani. Nisameheni, nilikuwa kijana.)

Sasa, likizo iliyopita nilikuwa Nairobi. Nikaona dukani sanduku la ndege ndogo ya plastiki, ya kuunganisha mwenyewe. F-5! Aina ileile Adan aliyokuwa akiifanyia kazi. Nikajiambia, hii nitaitengeneza niiweke sebuleni siku ya hitma. Baba macho yameingia ukungu, haoni vizuri, lakini vidole vyake vinaona. Tangu msiba ameniuliza mara nyingi: "Ibrahim, huyu mtoto alikuwa anashika nini huko?"

Nikaunganisha. Gundi ikanishika vidole viwili, nikafundisha hesabu asubuhi nzima kama mtu anayeapa mahakamani. Nikamaliza mwili, nikamaliza mabawa, nikafika kwa silaha. Jamani, makombora mawili tu, moja kila ncha ya bawa! Nikaona ni dharau. Mtu afanye kazi miaka tisa, halafu ndege yake iwe na makombora mawili kama masikio ya punda?

Mwenye duka alikuwa ameniuzia na sanduku la pili, la ndege ya Kirusi. Nikachukua mabomu yake yote manane nikayabandika chini ya ndege ya Adan. Ikanona kama mbuzi mwenye mimba. Nikaitazama nikaridhika kabisa. (Mungu hupenda kumwacha mjinga aridhike kwanza.)

Leo baada ya adhuhuri, dua ikasomwa. Watu wakala wali na nyama ya nyirinyiri. Ndege iko juu ya stuli, kwenye kitambaa cha Mama cha kudarizi. Mzee mmoja akasema, "Mashallah! Hii ingemaliza Isiolo yote na Garba Tula." Mimi nimevimba. Nikaanza kueleza watu jinsi Adan alivyokuwa akiinua haya mabomu kwa mabega yake. Nilitunga palepale, tena kwa ufasaha.

Hapo ndipo Sajenti Mutua akaingia. Alifanya kazi na Adan miaka yote hiyo, amesafiri kutoka Nanyuki kuja kutuona. Akavua kofia, akasema "Salaam aleikum" vizuri kuliko mimi. Adan ndiye aliyemfundisha. Akampa Baba mkono, akaketi. Halafu akaiona ndege.

Akainama. Akaigeuza polepole.

"Mwalimu, hii nani amefunga?"

"Ni mimi, afande."

"Hii ndege ni ya Mmarekani. Haya mabomu ni ya Mrusi. Hawa wawili walioana lini?"

Watu wakaangua kicheko! Sheikh akajifunika mdomo na kilemba. Nikadhani yameisha. Hayakuisha.

"Na hili kombora la kulia umelifunga kinyume. Likifyatuka, linamrudia aliyelifunga."

Jasho likanitoka mpaka kwa soksi. Mzee aliyesema mashallah sasa alikuwa anapangusa machozi. Natafuta mlango, mlango umejaa watu.

Kisha Baba akainua mkono.

"Sajenti, basi mtoto wangu alikuwa anafunga nini?"

Mutua akamsogelea. "Mzee, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Siku nyingi tulifunga mabomu ya mazoezi. Yamepakwa rangi ya buluu. Ndani ni saruji."

"Saruji ya kujenga?"

"Hiyohiyo, Mzee. Hailipuki. Makombora ya kweli tulifunga mara chache, na Adan aliyapangusa vumbi kama anaosha mtoto."

Baba akaanza kucheka. Walahi, hajacheka mwaka mzima. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka.

"Miaka tisa! Kila alfajiri namwomba Mungu bomu lisimlipukie mwanangu. Kumbe nilikuwa naombea saruji!"

Wote tukacheka naye. Mama pia, kule nyuma ya pazia. Halafu sauti ya Baba ikabadilika.

"Na lile lori la sukari," akasema, "sikuliombea hata siku moja."

Nyinyi mnajua Adan alikufa likizoni, akienda Kulamawe kuona ngamia, lori likapinduka na magunia. Msichojua ni kwamba nafasi juu ya lori hilo nilimtafutia mimi. Nilimsihi dereva. Baba anajua, na hajawahi kunilaumu. Leo nilitamani anilaumu tu, tumalize.

Sajenti Mutua akaniokoa. "Mwalimu, lete kisu." Tukaketi chini mbele ya watu tukayang'oa mabomu ya Mrusi, moja baada ya jingine. Bawa moja likapasuka. Kombora la kulia akaligeuza yeye mwenyewe. Tumbo la ndege limebaki na mabaka meupe ya gundi kama mtoto mwenye mashilingi ya choa kichwani.

Baba akaipokea, akapitisha vidole kutoka ncha hadi ncha. "Hivi ndivyo?" akauliza.

"Hivi ndivyo, Mzee."

Akaishika mapajani mpaka wageni wakaondoka.

Basi, mkikutana na mtu wa huku akitaka kuwasimulia habari za mwalimu aliyeozesha Mrusi kwa Mmarekani, mwambieni mmeshasikia. Mimi nichekeni mnavyotaka. Lakini mkija kutusalimu, msimchekeshe Baba na hadithi hii: huanza vizuri, kumaliza ndiyo shida.