Chanjo ya Kubandika, na Mimi Mmanga

Jumatatu, 6 Oktoba
Leo baraza zima la Michenzani limenisikiliza mimi! Watafiti wamekuja na chanjo ya surua ya kubandikwa mkononi kama plasta. Ina vijino vidogo kuliko punje ya chumvi, vinayeyukia ngozini. Wanataka watu wazima wa kujitolea. Nimesema haya nshayaona Maskati. (Maskati nilikaa wiki mbili, jikoni.) Amour, hasidi yule, kauliza si mimi niliyeruka dirisha la zahanati mwaka wa korona? Nikatangaza: nakwenda, tena wa mwanzo! Jirani yangu Bi Maisara, ambaye sindano humliza, kaniuliza, mwanangu, kweli hazimo? Hata moja, bi mkubwa. Twende sote.

Jumanne, 7 Oktoba
Karatasi ya ridhaa, kurasa sita. Muuguzi Nusrat kaanza kunisomea, nikamkata: mimi msomi, lete kalamu. Bi Maisara kasikiliza mpaka mwisho. Njiani kanambia kuna makundi mawili, na moja chanjo yake ni ya sindano. Mtihani!

Jumatano, 8 Oktoba
Nimempelekea Nusrat sahani ya visheti vya mke wangu Tahiya, aniweke kundi la kubandikwa. Kala vyote. Kisha kasema ahsante kaka Mmanga, kompyuta ndiyo inayochagua, yeye mwenyewe hajui nani yupo wapi. Visheti vyangu!

Alhamisi, 9 Oktoba
Kumbe kila mtu hupata vyote viwili, kibandiko na sindano! Kimoja kina chanjo, kimoja hewa tu, hakina dawa, asijue yeyote chanjo imo kipi. Eti ilikuwa ukurasa wa tatu. Kibandiko hakikuuma, kama sisimizi anapita. Kisha ikatoka sindano. Bi Maisara kanishika mkono akanisomea dua kama mtoto anayetiwa jandoni. Nimezinduka sakafuni. Yeye kachomwa kimya, kwa bismillahi moja tu. Najivunia, nimemfundisha mimi. Barazani nimeeleza kuwa niliinama kutafuta kiatu. Amour kacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

Jumatano, 15 Oktoba
Kesho wanatoa damu, waone chanjo imeshika vipi. Damu haitolewi kwa plasta. Lakini safari hii nimewaweza! Tahiya kanipaka hina nzito mikono yote miwili, toka kiganjani mpaka juu ya kiwiko. Mshipa usioonekana hauchomwi. Tahiya kauliza namuoa nani. Bi Maisara kasema wauguzi huupapasa mshipa kwa kidole. Masikini, mambo ya kitaalamu aniachie mimi. Amour anakuja kushuhudia. Aje! Alete na baraza zima.