Kibofu cha Bwana Wangu Asmani

Jumanne, 25 Juni 1963

Siku ya arobaini na moja ya ndoa yetu. Furaha tupu! Asmani amekonda tangu harusi, suruali zake anazipunguza mwenyewe kwenye cherehani. Ni mapenzi. Anakula chakula cha watu wawili na bado anakonda. Ana kiu isiyokwisha: mapenzi tena. Macho yameingiwa na ukungu, haoni tundu la sindano, hivyo uzi namtungia mimi na vidole vyetu vinagusana. Mambo haya, masista hawakutufundisha sekondari.

Kasoro moja tu. Chooni. Leo mara saba kabla ya adhuhuri. Na Jumatatu, sherehe ya mwaka mmoja wa Uhuru, ndiye aliyechaguliwa kushika bendera ya mafundi wa Rumonge mbele ya Bwana Administrateur, mkuu wa wilaya. Atasimama saa mbili hadi saa sita. Akitoka mstarini, bendera anachukua Hamissi, fundi wa ng'ambo ya soko, ambaye tayari anafanya mazoezi na mpini wa jembe.

Wifi yangu Mariyamu alikuja kuniamkia, eti. Akaniambia, “Kibofu cha kaka yangu kilikuwa kizima mpaka ulipoingia wewe, mwanasekondari.”

Nitamwonyesha.

Alhamisi, 27 Juni

Mpango wa kwanza. Maji yakiingia, hutoka. Basi yasiingie. Nimeficha mtungi nyuma ya sanduku la nguo.

Saa nne Asmani alikuwa uani kwa Mariyamu, akinywa kata baada ya kata. Mtaa mzima sasa unajua kwamba namnyima mume maji. Mama mmoja kutoka Kizuka, aliyekuja kuuza mawese, amenipa pole.

Kidonda cha dole gumba la mguu, alipojikwaa wiki ya harusi, bado hakijapona. Nimekifunga kwa kipande cha shela yangu. Kinapendeza.

Jumamosi, 29 Juni

Mpango wa pili, wa kisayansi. Nimefungua daftari langu la somo la afya. Limeandikwa: sukari huupa msuli nguvu. Kibofu ni msuli. Mbona sikuona mapema?

Chai, vijiko sita. Miwa kutoka Gatete. Ndizi mbivu kabisa. Asmani alikula vyote akinitazama, au akitazama upande niliopo.

Mara kumi na moja.

Mariyamu aliniita nyuma ya nyumba, mahali Asmani anapoishia kukojoa choo kikiwa mbali. Sisimizi, msururu mzima. Akauliza hiyo nini sasa. Nikamjibu kwamba hata wadudu wanampenda. Hakucheka.

Jumatatu, 1 Julai

Sikumpa tone tangu alfajiri. Alikubali, kwa ajili ya bendera. Midomo ilikuwa mikavu kama karatasi. Kanzu nyeupe, mzuri mno!

Saa nne kasoro, bendera ikaanza kuinama. Nikadhani anamsalimu Administrateur. Kisha Asmani naye akainama, akaanguka. Hamissi alidaka bendera kwa mkono mmoja na mume wangu kwa mkono wa pili. Lazima niandike ukweli: alidaka vizuri.

Dispensari. Nilikimbia hata viatu nikavisahau uwanjani. Muganga Léonard alimpa maji, akamwekea mpira wa dripu, akachukua mkojo wake kidogo, akachanganya na dawa ya buluu na kuchemsha. Ikageuka rangi ya tofali. Akauliza habari za kiu, kukonda, macho, kidonda. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ilikuwa ishara moja ya mapenzi yetu ikiondoka. Mariyamu akataja sisimizi.

Muganga akasema, “Mama, kibofu hakina kosa. Ni jirani anayepiga kelele. Moto uko kwenye damu: sukari imejaa, figo zinaimwaga nje, na maji yanaifuata. Macho, kidonda, vyote ni moto ule ule.”

Akaongeza kwamba siku mbili zaidi za matunzo yangu, tungekuwa tunasoma hitima. Nililia. Mariyamu akanishika mkono, akanipa leso yake. Sikutegemea.

Jumatano, 3 Julai

Asmani amekaa kitandani, anacheka. Ananiona! Si vizuri sana, lakini amesema nimevaa kitenge cha kijani, na ni kweli. Kesho tunapanda lori la samaki linalopitia Magara, twende hospitali ya Bujumbura akaanze sindano. Za kila siku, pengine maisha yote. Nimeapa kumtunza kwa kufuata neno kwa neno makatazo ya muganga.

Alikataza sukari, miwa, ndizi mbivu na mandazi. Nimeandika yote, nimesoma mara mbili.

Asali hakuitaja.

Mariyamu amesema atapekua kikapu changu cha safari kabla hatujaondoka. Apekue tu. Chupa nimezishona ndani ya mto.