Bandama Yangu Imeniharibia Utani

Malolo, Ruangwa
Juni 1954

Kwa Bwana Daktari wa Misheni,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kukukatiza kazi ya wagonjwa. Mimi ni Mikidadi, yule uliyemtibu homa ya tezi. Uliniambia koo litapona upesi, ila bandama imevimba, na nikigongwa ubavu wa kushoto inaweza kupasuka. Dawa nashukuru. Maneno hayo siyashukuru hata kidogo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Uliyasema mbele ya Shaibu, mtani wa ukoo wetu. Tangu tupate akili, Shaibu hajapata kunipita bila kunipiga ngwala na kuniita mwizi wa mihogo. Sasa ananipisha njia. Ananiita Bwana Mikidadi!

2. Katika mazishi ya mjomba wangu, watani wenzake Shaibu walijilaza kaburini mpaka tukawapa kuku, kama ilivyo ada. Shaibu alikaa mkekani akanipa pole ya kweli, na machozi yakamtoka. Watu waliondoka wakinong'ona kwamba msiba unaofuata ni wangu.

3. Mke wangu Zaina kaona mtani ananistahi, naye kaanza kunistahi. Jembe kaficha. Nikipiga chafya anakuja mbio. Mtu anayestahiwa na kila mtu, Bwana Daktari, ni maiti aliyecheleweshewa sanda.

4. Bandama zilizovimba kwa homa ya mbu tunazo tangu utotoni, na mieleka tulicheza. Hii yako ina cheo gani?

Kwa hiyo naomba kwa adabu: ama unipe cheti cha kuruhusu ngwala, walau za upande wa kulia; ama umwambie Shaibu kuwa naye ana bandama, tuwe sawa. Ukishindwa yote, njoo Malolo unitukane hadharani wewe mwenyewe, maana mtani wangu umeninyang'anya.

Wasalimie wauguzi wote, na mpishi wa uji. Zaina anakusalimu, ingawa kwa hili hayuko upande wangu.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu, mwenye kinyongo,
Mikidadi Bashiri

N.B. Baada ya kuandika haya nilikalia kofia ya Shaibu makusudi. Akajisahau, akanisukuma kidogo tu, nikaangukia kinu. Ubavu wa kushoto unauma mpaka begani. Cheti usiandike, andaa kisu. Machela inafungwa sasa hivi, na Shaibu ndiye atakayeshika mbele. Analia, huku akinimwagia matusi yote aliyoyalimbikiza tangu niugue. Nimefurahi mno. Fanya upesi, Bwana Daktari, maana bado sijamjibu.